Namna ya Kukikomboa Chumba cha Vioo

Nyumba nyingi za Uingereza zina chumba kimoja upande wa nyuma, kinachotazama bustani, kuta zake vioo na paa lake polikaboneti au vioo tena. Konsavatori. Familia ikihamia, chumba hicho ndicho kinachofurahisha kila mtu: hapa tutakunywa chai, hapa watoto watasomea, hapa mama akija kututembelea ataota jua. Mwaka ukipita, wameshahamia wapangaji wengine.

Unawajua. Kuna baiskeli ya mazoezi ambayo sasa huanikiwa taulo. Kuna masanduku ya safari yenye stika za uwanja wa ndege. Kuna pipa la bluu la mizigo ya nyumbani, lililojaa nusu tangu Ramadhani, likisubiri nusu ya pili. Hakuna hata mmoja anayelipa kodi, na wamejichukulia pahali penye mwanga kuliko pote ndani ya nyumba, huku wenye nyumba wamebanana sebuleni na taa imewashwa saa nane mchana. Wape notisi ya wiki moja. Pipa lijazwe lisafirishwe, masanduku yapande darini, baiskeli apewe atakayeipanda. Wa kwanza kutoka wawe gunia la mchele na mifuko ya unga: humo ndani mchana ni joto na usiku ni unyevu, na hali hiyo huleta wadudu na ukungu kabla hujafika nusu ya gunia.

Wapangaji wakishatoka, usikimbilie kununua kochi. Weka kiti kimoja, kaa humo siku ya mapumziko kutoka asubuhi hadi jioni, uangalie jua. Sisi tuliokulia Tanga au Mombasa tumezoea jua la adhuhuri linalokaa juu sana mwaka mzima. London mambo ni mengine. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi kutoka upeo wa macho. Mwishoni mwa Juni hufika nyuzi 62. Kwa hiyo ikiwa chumba chako kinatazama kusini, wakati wa baridi jua huingia kupitia ukutani, na wakati wa joto hushuka kupitia paani. Jua la ukutani ni neema, karibisha lote. La paani ndilo linalokugeuzia chumba kuwa tanuri mwezi wa Julai. Na paa hilohilo jembamba ndilo linalotorosha joto jingi usiku wa Januari.

Ndiyo maana nasema tatizo la chumba hiki ni paa. Watu huhangaika na zulia, hita na mito ya rangi, wakati kinachokosekana ni kitu ambacho kila baraza la Lamu na Unguja linacho: kivuli juu ya kichwa. Mzee hakai barazani kwa sababu ya kiti. Anakaa kwa sababu mtu aliyejenga alifikiria jua litapita wapi.

Tena vyumba hivi havikuanza kwa ajili ya watu. Mtunza bustani Joseph Paxton alipoanza mwaka 1836 kumjengea Duke wa Devonshire jumba kubwa la vioo huko Chatsworth, wakazi waliokusudiwa walikuwa migomba, minazi na mimea mingine ya nchi za joto, na boila nane zilichoma makaa chini ya ardhi ili mimea hiyo isife. Vita Kuu ya kwanza ilipokuja makaa hayakupatikana, mimea ikafa, na mwaka 1920 jumba likabomolewa. Duke mwenye mashamba na wafanyakazi alishindwa kupasha vioo joto. Usijilaumu wewe mwenye hita moja ya umeme.

Mwenye fedha abadilishe paa: aweke paa gumu lenye tabaka nene la kuhami joto, kuta zibaki vioo. Lakini asimpe kazi fundi anayesema itakwisha wikiendi hii bila karatasi. Paa gumu lina uzito, na fremu na msingi huenda havikutengenezwa kuubeba, lazima vikaguliwe. Halafu kuna sheria. England na Wales, chumba cha vioo cha kawaida kimesamehewa kanuni nyingi za ujenzi iwapo kiko usawa wa ardhi, hakizidi mita za mraba 30, kimetenganishwa na nyumba kwa ukuta na mlango wa kiwango cha nje, na hakitumii mfumo wa joto wa nyumba. Ukiung'oa mlango huo ili sebule ionekane kubwa, au ukivuta mabomba ya joto hadi humo, msamaha umekwisha, na paa gumu nalo linahitaji kibali. Wapigie simu wakaguzi wa majengo wa halmashauri yako kabla ya nyundo ya kwanza. Siku ya kuuza nyumba watakuuliza cheti. Mpangaji naye aanze na mwenye nyumba, kwa maandishi.

Mwenye fedha kidogo aanze na kivuli cha nje. Pazia la ndani husaidia, ila mwanga ukishapenya kioo hugeuka joto humo ndani, na joto hilo halitoki kwa urahisi. Turubai lililotandazwa juu ya paa kwa nje, likafungwa imara, hulizuia mapema zaidi. Fungua mlango wa chini na dirisha la juu kwa pamoja: hewa ya moto hupanda na kutoka, ya baridi huingia kuchukua nafasi yake. Usiku wa baridi, pazia zito kwenye mlango unaotenganisha chumba na nyumba linasaidia kuliko hita.

Kuhusu moto sina utani. Jiko la mkaa lisiingie humo hata dakika moja, hata dirisha likiwa wazi, hata mvua ikiwakuta nyama iko nusu. Mkaa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua familia nzima bila kelele. Nyama ichomwe nje au iliwe ya kuchemsha. Hita ya mafuta ya taa nayo iache: mbali na gesi hiyohiyo, kila lita inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji hewani, na asubuhi utayakuta yakitiririka kwenye vioo.

Sasa kipe chumba kazi moja. Ofisi siipendekezi, kwa sababu mvua ikipiga polikaboneti hutamsikia mtu kwenye simu. Dada yako aliye Tanga atakuuliza kama unakaanga kitu. Mimi nasema kiwe baraza. Kuta za chini nyingi ni za matofali kwa urefu wa goti au zaidi kidogo: jenga benchi la mbao kuzifuata pande mbili, weka magodoro membamba, sakafuni mkeka juu ya zulia maana vigae vya huku vinauma miguu. Meza fupi ya kahawa, bao pembeni. Kwenye kona isiyopigwa na jua kali weka lile ua dogo la zambarau ambalo maduka ya Uingereza huliuza kila mahali. Ni la kwetu, la misitu ya Usambara. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliita Saintpaulia mwaka 1893. Limwagilie kwa chini, majani yasilowe, na baridi ikianza liingize ndani.

Jua la Aprili likipata nguvu, panga trei za mchicha na pilipili kwenye benchi la upande wa kusini, na Juni uhamishie miche bustanini kabla wageni hawajaanza kulalamika kwamba hawana pa kukaa.