Ujamaa kwa Nauli Yangu

Mjomba hakuwa na neno na safari yenyewe. Kilichomshinda ni nauli. Yeye aliingia ujamaa mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, na alipelekwa bure: lori lilisimama mbele ya tembe lao asubuhi, wakapakiwa pamoja na kinu, kuku na bibi aliyekuwa bado anagoma, na jioni wakashushwa kwenye pori lililopigwa mambo kwa mistari iliyonyooka.

"Sasa wewe mpwa wangu," akaniuliza, "umesoma mpaka chuo, halafu unalipa ili ukakae kijiji cha ujamaa? Tena ng'ambo?"

"Ni kwa hiari, Mjomba. Ni kujitolea."

"Hata sisi tuliambiwa ni hiari."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mashirika ya umma yalikuwa yananadiwa, ajira hazionekani, na mimi nilikuwa nimesoma habari za kibutsi, vile vijiji vya Israeli ambavyo wakazi wake walikuwa wakitumia kwa pamoja ardhi, zana, mfuko na hata jiko. Cha kwanza, Degania, kilianzishwa mwaka 1910 na vijana wachache kutoka Ulaya Mashariki, kando ya Bahari ya Galilaya. Baadaye vikafika kama 270 hivi. Baada ya vita vya Juni 1967 vikaanza kupokea kwa wingi vijana wa kujitolea kutoka nje. Nao 1967 ndio mwaka wetu wa Azimio la Arusha, jambo nililolitumia bila aibu katika barua yangu ya maombi.

"Na mshahara?" Mjomba akauliza.

"Hakuna. Kuna chumba, chakula, na posho kidogo ya sabuni."

"Sisi walau tuliahidiwa bomba."

Jirani yetu, mzee wa msikitini, aliuliza swali moja tu: kabla ya hao vijana kufika, ardhi ile ilikuwa ya nani? Nikamjibu kwamba fomu haikuwa na kipengele hicho. Akasema anajua kwamba haikuwa nacho, akaniaga kwa upole, na swali lake likabaki kwangu safari nzima.

Mama, kwa upande wake, hakuuliza lolote kuhusu ujamaa. Alisikia "Galilaya", mengine yote yakampita. Kufikia Jumapili usharika mzima ulijua kwamba naenda Nchi Takatifu, na mchungaji akaniita mbele kuombewa. Kuanzia jioni ile zikaanza kuingia chupa. Chupa za maji, za asali, moja ya dawa ya kikohozi ambayo bado ilikuwa na kijiko chake. Mzee mmoja wa kanisa alikuja usiku na chupa bapa ya pombe kali, imeoshwa vizuri na kufungwa kwenye gazeti. Kila chupa ilikuwa na jina la mwenyewe kwenye plasta, na zote zilipaswa kurudi na maji ya Yordani. Nilijaribu kueleza kwamba pale mtoni maji hayo yanauzwa yakiwa yamefungwa tayari. Mwenyekiti wa akina mama alinitazama kwa huruma. "Ya kuuza hayo, wanajaza bombani."

Viza ilipatikana Nairobi, kwa foleni na picha zilizokataliwa kwa sababu masikio yangu hayakuonekana sawasawa. Tusikae huko. Mambo yenyewe yalikuwa uwanja wa ndege, kwenye meza ya dada wa usalama wa Kiisraeli, msichana wa umri wangu mwenye sura ya mtu asiyechekeshwa upesi.

"Mzigo huu nani alifunga?"

"Mama."

Akaandika kitu. "Kuna mtu yeyote aliyekupa kitu umbebee?"

Nimelelewa nisiseme uongo. "Ndiyo. Usharika mzima."

Begi likafunguliwa. Akatoa chupa moja baada ya nyingine, akazipanga mezani, akazihesabu, kisha akazihesabu tena.

"Hazina kitu," akasema.

"Ndiyo, dada. Ndiyo maana nakwenda."

Akaitwa mkubwa wake, na huyo akamwita mwingine. Chupa bapa ya mzee wa kanisa ilinuswa na watu watatu, na wa tatu alitabasamu. Mwishowe nikaruhusiwa, nikiwa abiria wa mwisho kupanda. Hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu maoni yangu juu ya umiliki wa pamoja wa njia za uzalishaji, ambayo nilikuwa nimeyakariri kwa Kiingereza.

Kijiji nilichopangiwa kilikuwa bondeni, karibu mita mia mbili chini ya usawa wa bahari, na joto lake lilitaka kazi ianze kabla ya jua. Kifungua kinywa kilikuwa matango na nyanya. Nguo zilifuliwa kwa pamoja na kurudi kwa namba, nami kwa muda nilivaa kaptura ya kijana wa Denmark mwenye kiuno cha mlango. Ujamaa wenyewe niliukuta mashakani: tangu madeni ya miaka ya 1980, vijiji vingi vilikuwa vinabishana kama wanachama waanze kulipia chakula bwaloni. Bibi mmoja wa jikoni alikuwa na hakika kwamba mambo yaliharibika zamani, siku watu waliporuhusiwa kuwa na birika chumbani. Mtu akishachemsha chai yake mwenyewe, alisema, hana haja ya kuja bwaloni kukuona. Nilimwandikia Mjomba habari hiyo. Akajibu kwamba kijijini kwao birika lilikuwa moja, la katibu.

Na kazi? Ndizi. Mimi, mtoto wa Mhaya, nimevuka mipaka yote hiyo ili niiname chini ya mgomba, mwenzangu akate, mkungu uniangukie begani niupeleke kwenye tela la trekta. Kwetu Bukoba mkungu hupanda baiskeli.

Baba, ambaye kwa muda wote wa maandalizi hakuwa ametoa maoni, alipopata barua yangu akajibu kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Salamu mistari miwili. Yaliyobaki yote maswali: kila shina wanaliachia machipukizi mangapi, nyasi wanatandaza au hawatandazi, na ile mifuko ya bluu wanayoivisha mikungu ni ya nini hasa. Nikampelekea msimamizi, mzee mkali aliyezaliwa palepale, nikamtafsiria. Akavaa miwani. Jioni ile hakuja bwaloni, na kesho yake akanikabidhi kurasa tatu zenye michoro, nizitume Bukoba, pamoja na swali lake mwenyewe alilolipigia mistari miwili chini: hiyo rubisi, pombe yenu ya ndizi, mnaichachusha siku ngapi?