Vyuma Saba vya Uani: Kasulu na Kibondo Zilivyoifundisha Pikipiki Kupanda Mlima

Boxer inachorwa Pune, TVS inachorwa Hosur, zote India, na wahandisi wa huko ni watu makini. Ila hakuna aliyewasimulia mkungu wa ndizi unaoshuka kutoka Heru Juu, wala gunia la maharage linalotoka Busunzu wakati wa masika. Kazi hiyo imebaki kwa fundi wa Kasulu na Kibondo: mashine ya kuchomelea chini ya mwembe, marundo ya bomba na nondo, na mteja aliyesimama pembeni akiomba "ongeza kidogo, ongeza kidogo." Hivi hapa vyuma saba vinavyotengenezwa uani, tukihesabu kurudi nyuma hadi bingwa. Ukipinga mpangilio, pinga ukiwa umeshika spana.

7. Kizuia tope

Kipande cha tairi kuukuu, matundu mawili, nati mbili, kazi imekwisha. Kinaning'inia chini ya madigadi ya nyuma na kumwokoa abiria. Lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, mradi wa kilomita 260.6, imekipunguzia kazi kwenye barabara kuu, lakini kata kushoto kuingia kijijini mwezi wa nne uone. Dereva anayekwambia tope si tatizo ana mtu wa kumfulia.

6. Mpira wa kufungia mzigo

Tyubu iliyochakaa huchanwa kwa wembe, ikawa utepe mrefu, na mwishoni hufungwa ndoano ya nondo nyembamba iliyopindwa kwa nyundo. Kamba ya katani haivutiki, mpira huvutika na kubana. Kuku, magodoro, mihogo, hata mlango wenye fremu yake, vyote vimesafiri kwa mpira huu.

5. Stendi yenye kiatu

Stendi ya kiwandani ina ncha nyembamba. Kwenye sakafu ya duka inasimama vizuri sana. Kwenye udongo mwekundu uliolowa inazama taratibu, na mwenye trei za mayai hugundua hilo akiwa ameshapewa chai. Dawa yake ni bamba la chuma la ukubwa wa kiganja, likachomelewa chini ya ncha. Uzito uleule, eneo kubwa zaidi, na pikipiki haizami. Dakika kumi za kazi, na sijaona mahali pengine ambapo chuma kidogo namna hii kinaokoa mayai mengi hivyo.

4. Sproketi kubwa

Najua, najua, hii hununuliwa dukani, haichomelewi. Lakini uamuzi wa kuibadilisha hufanyika uani, na fundi ndiye anayepiga hesabu. Chukua sproketi ya nyuma yenye meno 42, weka ya meno 45, ya mbele usiiguse: nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa takriban asilimia 7, na kasi kwenye lami inapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Cheni nayo huenda ikahitaji kurefushwa. Kijana anayetaka mlima na mbio kwa pamoja anataka pikipiki mbili.

3. Ngao

Bomba lililopindwa mbele ya injini kulinda miguu na kichwa cha mashine. Hapa ndipo umeme unapoingia kwenye hadithi. Mpaka mwaka 2022 wilaya hizi zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, kabla gridi ya taifa haijafika. Kila fundi anajua shida ya umeme hafifu: moto hauli chuma, unapaka tu juu. Kwa macho kiungo kinaonekana kimeshika, lakini pikipiki ikilala mara moja, ngao inabaki barabarani. Umeme ukiwa wa kutosha, moto unazama ndani ya vyuma vyote viwili. Ngao za siku hizi zinashika, na miguu ya madereva inazishukuru.

Tahadhari kwa wanaotumia bomba lenye rangi ya fedha, lile la maji: limepakwa zinki. Likichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku. Parua zinki yote kwanza, kaa upande upepo unakotoka, na usimwite mtoto akushikie.

2. Foki ya baiskeli

Wenye pikipiki wamenuna, naona. Lakini baiskeli ilikuwa inabeba ndizi na mihogo ya nyanda hizi kabla wengi wenu hamjapata leseni, na bado inabeba. Kwenye baiskeli ya Phoenix yenye mzigo mkubwa, foki ya mbele huweza kupinda mteremkoni. Fundi hulaza nondo pembeni ya kila mguu wa foki, hufunga juu na chini, na baiskeli inapata mifupa mipya. Nyuma, keria huungwa mkono kwa nondo mbili zinazoshuka hadi ekseli. Mlima ukizidi, mwenyewe anashuka na kusukuma, fimbo moja ikiwa imefungwa kwenye usukani kumpa mkono mrefu.

Kule Goma, Kongo, wamekwenda mbali zaidi: chukudu, gari la magurudumu mawili la mbao, limejengewa sanamu katikati ya mji. Baiskeli ya Muha, mwenyeji wa huku, haina sanamu. Mimi naona inastahili.

1. Keria

Hakuna ubishi hapa. Bila keria pikipiki ni ya kutembelea, ukiiweka ni ya kuendeshea familia. Magunia ya Kifura, madumu ya mawese, mizigo ya soko la Mabamba, bidhaa zinazokwenda Makere na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, vyote vinakaa juu ya chuma kilichopimwa kwa macho na kuchomelewa uani.

Sasa sogea karibu tuitazame. Keria nzuri haikai juu ya taa ya nyuma peke yake. Ina miguu miwili inayoshuka hadi kwenye chasisi, karibu na mahali shokapu inapofungwa. Kwenye kona kuna vipande vya pembetatu. Kila kiungo kimezungushiwa moto pande zote, si nukta mbili za kushikiza. Na haivuki sana ekseli ya nyuma, kwa sababu kila sentimita inayorudi nyuma inainua tairi la mbele, na tairi la mbele likiwa jepesi usukani hauna kazi. Dereva anayepanda mlima akiwa amelalia tangi hafanyi madoido, anatafuta uzito wa mbele.

Kosa kubwa ninaloliona ni springi ya gari. Watu wanaipenda kwa kuwa ni ngumu, wanakata jani lake na kulichomelea kwenye keria kwa vijiti vya kawaida. Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Kikipata moto na kupoa ghafla, pembeni ya kiungo kinakuwa kigumu na dhaifu, kisha kinapasuka bila kupinda kwanza. Springi ifungwe kwa nati. Kuchomelea waachie bomba na nondo laini. Na kabla moto haujawashwa, chomoa waya za betri, la sivyo unalipia keria pamoja na CDI, kile kifaa cha cheche.

Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, imepigwa marufuku. Keria nayo inasema hivyohivyo, ila yenyewe haitozi faini, inakatika.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Kasulu na Kibondo viwafungulie mafundi hawa mlango jioni, wapate wiki chache za kujifunza chuma gani kinapenda moto na kipi kinauchukia. Wewe dereva, kesho ukienda kutengenezewa keria, mwambie fundi aunge vipande viwili vya majaribio, avibane kwenye jiliwa, avigonge kwa nyundo mbele yako. Vikipinda kiungo kikabaki, mlipe vizuri. Kiungo kikiachia, nenda kwa mwingine.