Gawio la Asilimia Mia

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa kanisa ulio kando ya barabara ya kutoka Kitale kwenda Saboti, kikundi kimoja cha wakulima wa mahindi kilijipitishia gawio la asilimia 27. Pendekezo lilitolewa, likaungwa mkono, likapigiwa makofi. Muda si mrefu gawio likafika asilimia 100, kisha likarudi sifuri, ndipo mlango ukafungwa ili mtu yeyote asitoke. Mwandishi wa makala haya alikuwa amesimama mbele ya umati huo, waya wa projekta mkononi, na mpaka leo hakuna aliyemwomba radhi.

Hesabu za mwaka alikuwa ameziandaa kwenye kompyuta yake mwenyewe, mtumba mweusi unaoendeshwa na Debian, mfumo huria wa Linux. Alifika mapema, akaijaribu, projekta ikakubali. Mwenyekiti akaichungulia skrini, akatafuta nembo anayoijua, asiione. "Katibu, hii ya majaribio utaitumia nyumbani. Leo kuna wageni. Tuletee kompyuta ya kawaida." Kompyuta ya kawaida ikapatikana kwa kijana wa mweka hazina: nyembamba, inang'aa, ina mfumo wa leseni. Hesabu zikahamishwa kwa flashi. Ile ya Debian ikarudi mkobani, chini ya meza, pamoja na risiti za mbolea.

Maombi yakaisha, wageni wakatambulishwa, mapazia yakashushwa. Jina la kikundi likaonekana ukutani kwa muda wa mtu kukohoa. Halafu ukuta mzima ukawa buluu, kiduara kikaanza kuzunguka, na chini yake ikatokea namba: asilimia 3. Kulikuwa na maneno ya Kiingereza pia, ya kuonya kwamba mashine isizimwe, lakini herufi zilikuwa ndogo na waliohitaji miwani walikuwa wameiacha nyumbani. Kilichosomeka mpaka benchi la mwisho ni ile asilimia.

"Tatu?" akauliza mzee mmoja wa safu ya mbele. "Mwaka jana tulipewa sita, na mvua ilikuwa mbaya."

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Namba ikapanda hadi 9, minong'ono ikapungua. Ilipofika 14 kuna mama aliyepiga makofi. Ilipofika 21 kina mama wote walikuwa wima. Mweka hazina, ambaye alijua fika kwamba vitabu vyake vinasema asilimia 5, alijaribu kueleza kwamba hiyo ni mashine tu. Akaambiwa akae. "Tulia, mweka hazina. Acha watu waone pesa zao."

Ikagota 27. Kiduara kikazunguka, feni ikalia, namba haikusogea. Hapo ndipo mzee yule alipoinuka kwa hoja ya nidhamu: kwa kuwa tamaa mbele mauti nyuma, alipendekeza wanachama waipokee hiyo 27 kabla haijabadilisha nia. Safu mbili nzima zikamuunga mkono. Mwandishi, ambaye kazi yake ni kuandika kumbukumbu, aliandika. Mgeni mmoja akasema kwamba vikundi vingine vya Trans Nzoia vina la kujifunza hapa.

Baada ya kupitishwa, mashine ikapata nguvu mpya: 40, 68, 91. Hakuna aliyekuwa ameketi. 100! Vigelegele. Kisha skrini ikawa nyeusi, mashine ikajizima, ikajiwasha, ikaanza upya na asilimia 0.

"Wamekula!" ikasema sauti kutoka nyuma.

Nchini Kenya shtaka hilo halihitaji ushahidi. Mlango ukafungwa. Mweka hazina akaombwa ageuze mifuko. Ilibidi daftari la karatasi litolewe na hesabu zisomwe kwa sauti, mstari baada ya mstari, na lile gawio la kweli la asilimia 5 likapokelewa kwa uchungu wa watu walioporwa 95.

Ni nini hasa kilichokuwa kikitendeka ukutani? Jibu lina uzuri wake, na mwandishi ameshawachosha wengi nalo tangu siku ile. Mfumo ule wa leseni haupendi faili inayotumika ibadilishwe. Programu ikishaifungua, faili imeshikwa. Kwa hiyo masasisho hushushwa kimyakimya, yakawekwa kando kungoja mashine izimwe, ili kazi ifanyike wakati hakuna programu iliyoshika kitu. Mwenye mashine asipoizima, mfumo humpangia saa. Ya kijana wa mweka hazina ilikuwa imepangiwa Jumamosi ile, baada ya maombi.

Linux ilirithi desturi nyingine kutoka Unix, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, kuanzia 1969. Humo faili yenyewe haina jina. Ina namba. Yaliyomo yako diskini, na kumbukumbu ndogo iitwayo inodi hueleza yako wapi, yana ukubwa gani, ni ya nani na nani anaruhusiwa kuyagusa. Hueleza kila kitu isipokuwa jina. Jina hukaa ndani ya saraka, na saraka si chochote ila orodha: jina hili, namba ile. Sasa, amri ya apt inapoleta toleo jipya la programu, haiigusi faili ya zamani. Huandika mpya pembeni, yenye namba yake, halafu kwa hatua moja huliambia jina lielekee namba mpya. Programu iliyokuwa wazi huendelea kuisoma namba ya zamani bila habari yoyote. Atakayeifungua sasa hivi atapata mpya. Ya zamani haifutwi mpaka wa mwisho aliyeishika aiachilie, kwa hiyo kwa muda fulani toleo la jana na la leo huwa hai katika diski moja, kila moja na watu wake. Kinachohitaji hasa mashine iwashwe upya ni kerneli, ile sehemu ya ndani inayoongea na vifaa, na hiyo nayo hungoja mpaka mwenyewe aamue. Si busara kuingojesha sana, kwa sababu ya usalama, lakini haitawahi kuamua lolote mbele ya wazee.

Mwandishi aliieleza kamati haya yote kwenye baraza ya kanisa, akichora inodi kwa kijiti mchangani. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. "Nimeelewa, Katibu," akasema. "Sasa ile 27 iko kwa inodi gani?"

Hata hivyo mifumo huria ni mingi, na aliyekataa leseni bado ana kazi ya kuchagua. Ubuntu ndio uliowafungulia wengi mlango: Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliuzindua Oktoba 2004, na hadi 2011 kampuni yake ilikuwa ikituma CD bure mpaka kwenye sanduku la posta la yeyote aliyeomba. Tangu toleo la Aprili 2022, kivinjari cha Firefox ndani yake huletwa kwa utaratibu wa snap, ambao kwa kawaida hutafuta masasisho mara nne kwa siku. Kwa ofisi yenye faiba hilo ni jema. Kwa mtu anayenunua bando la siku pale stendi ya Kitale, ni safari nne ambazo hakumtuma mtu. Mint, ya mwaka 2006, ina adabu na inapendeza. Lakini imejengwa juu ya Ubuntu, nayo Ubuntu juu ya Debian, na mwandishi akaona aruke ngazi mbili. Fedora hutoa toleo kila miezi sita hivi na kulihudumia kwa muda unaozidi mwaka kidogo tu. Arch haina matoleo kabisa. Vitu vipya huingia kila siku, na kila siku ni bando.

Ikabaki Debian, iliyotangazwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue.

Mtu wa Kitale huielewa Debian bila kufundishwa, kwa sababu amekua akiona mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzia mjini humo mwaka 1956. Mahuluti ya H611, iliyozaliwa kwa kuchanganya Kitale Synthetic II na mahindi kutoka Ecuador, ilitolewa 1964. Na mpaka leo mbegu mpya haifiki dukani kabla ya kupita majaribio ya kitaifa chini ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Kifurushi cha Debian hupita njia ya namna hiyo. Huingia kwanza katika tawi liitwalo sid, jina la yule mtoto mvunja vidude wa filamu ya Toy Story, ambayo wahusika wake ndio wanaoyapa matoleo ya Debian majina. Kikikaa humo siku kadhaa, kwa kawaida kati ya mbili na kumi, bila kupatikana na kasoro kubwa, huhamia tawi la majaribio. Kisha, karibu kila baada ya miaka miwili, milango hufungwa: hakipokelewi kipya, kasoro zinasakwa, na toleo hutoka likiwa tayari. Bullseye ilitoka Agosti 2021, Bookworm Juni 2023, Trixie Agosti 2025 ikiwa na vifurushi karibu 70,000. Tangu hapo programu kwa kawaida hazipandishwi tena. Huzibwa matundu ya usalama na kurekebishwa makosa makubwa, basi. Vijana hucheka kwamba vitu vya Debian ni vya zamani. Ni kweli. Hata mbegu ya H614 ni ya zamani, na nenda Saboti mwezi wa tatu uone watu wamebeba gunia la mbegu gani.

Haimaanishi kwamba hakuna mikasa. Kwa miaka mingi kisakinishi rasmi cha Debian hakikubeba programu za vifaa zisizo huria, kwa kufuata mkataba wake wa kijamii wa 1997, na kadi nyingi za Wi-Fi hazifanyi kazi bila hizo. Wanachama walipiga kura mwaka 2022 kulegeza, na Bookworm ikazibeba. Kabla ya hapo mwandishi aliuunga mkono msimamo huo wa kanuni akiwa amejifunga na simu kwa waya.

Printa ya saiba moja huko Kiminini iliipokea hotuba ya harusi kutoka Debian na kuitoa ikiwa nyota na mabano matupu; baba wa bibi harusi akahutubia kwa kichwa, akazidisha.

Flashi ya kwaya ilikuja na virusi vya kugeuza folda kuwa njia za mkato. Debian ikavionyesha vimelala, nyimbo zote zikiwa kando yake salama.

Usiku wa 25 Agosti 2023, stima zilipopotea karibu Kenya nzima, kompyuta yenye betri iliyokwisha kufa ilizimika katikati ya kazi. Ilipowashwa ikasoma jonali ya diski, mahali ambapo hunakili inachokusudia kufanya kabla ya kukifanya, ikajipanga, ikaendelea. Ilipotea aya moja isiyohifadhiwa. Linux ilikuwa ikitimiza miaka 32 tangu Linus Torvalds aitangaze, na sherehe ikafanyika gizani.

Kuna jambo lakini ambalo mzaha hauliponyi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo mitumba mingi haina. Ingia duka lolote la kompyuta Kitale au Bungoma uone kinachouzwa: mashine zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya, zikafutwa vumbi, zikapangwa. Karani amejinyima akanunua. Mwalimu wa shule ya msingi amekopa chama akanunua. Kibodi nzima, skrini nzima, hesabu inapigwa na barua inaandikwa, kisha inatoka amri mbali huko kwamba kitu hiki kimezeeka. Hakuna aliyekuja kuuliza mkopo umebaki kiasi gani. Wakulima wa huku huambiwa kila msimu bei ya mahindi na watu ambao hawajawahi kupalilia, na sasa hata umri wa mashine zao unaamuliwa hivyo hivyo.

Hata kabla ya tarehe hiyo mwandishi alikuwa akipita akiihubiri Debian kuwa ndiyo kimbilio. Alikuwa bado anahubiri wakati Trixie ilipotoka, tarehe 9 Agosti 2025, bila kisakinishi wala kerneli kwa kompyuta za kawaida (i386) za biti 32. Wajitolea wana sababu zao, na ni nzuri: mashine hizo ni chache, na kumbukumbu yake haizitoshi programu kubwa za leo. Lakini karani wa biti 32 hana habari na sababu nzuri.

Wiki hii kulikuwa na laptopu ndogo ya biti 32 dirishani mwa duka moja la Bungoma, bei imekatwa kwa kalamu nyekundu na kukatwa tena. Mwenye duka aliitoa mwenyewe, akaipangusa kwa mkono wa shati. "Hii, ndugu yangu, wenye leseni waliikataa kitambo. Sasa nasikia hata wa bure wameikataa. Nikupunguzie?"

Akapunguza. Bookworm ikaingia palepale kaunta kwa flashi, Wi-Fi ikashika bila matata, na kivinjari kikafunguka wakati watu wawili walikuwa wameshahudumiwa. Mwandishi akalipa, akaomba na chaja yake.

"Mfumo ndio wa bure," akasema mwenye duka. "Chaja unalipia."