Namna ya Kwenda Makumbusho na Kurudi Vilevile Ulivyokwenda

Anza kwa kulalamika kwamba Eldoret haina historia. Lalamika mkiwa katikati ya mji, na watoto wakusikie. Akitokea mmoja wa kuuliza kwa nini watu huuita mji huu Sisibo, mwambie ni jina tu. Ukiteleza ukasema ni 64 ya Kiingereza iliyopita kwenye ulimi wa Kikalenjin, namba ya shamba la mawe kando ya mto Sosiani ambapo posta ilijengwa, umejitakia. Atataka na kisa cha sefu ya benki: wazee husimulia ilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ikawashinda watu kuinua, basi benki ikajengwa kuizunguka. Huo unaweza kuwa uongo mtamu, lakini gari litakuwa limewaacha.

Nandi Hills msiende. Huko mtoto ataambiwa habari za Koitalel Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyeitwa kwenye mazungumzo ya amani mwaka 1905 akapigwa risasi na afisa Mwingereza, Meinertzhagen, na rungu zake zikakaa Uingereza hadi 2006. Maswali yake hayaishi hadi usiku, na kesho ni Jumatatu.

Nendeni Kitale, kilomita 70 hivi. Mliagana saa mbili, kwa hiyo tokeni saa nne na nusu. Moi's Bridge nunueni mahindi ya kuchoma, mfike mmeshiba na meno yamejaa maganda. Kwenye makumbusho pitilizeni moja kwa moja hadi kwa nyoka na mamba. Piga picha. Mpige mtoto picha akiogopa, kisha akicheka, kisha akilia kwa kuwa umemwambia acheke.

Ndani ya jumba msikae. Kuna mambo ya Hugh Stoneham, Mwingereza aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, akakusanya wadudu na vitabu maisha yake yote, na alipofariki 1966 akauachia umma mkusanyiko huo. Makumbusho ya Kitale yakafunguliwa 1974. Mtoto akiuliza mtu mzima anawezaje kushinda akidunga vipepeo pini, jibu ni moja: hakuwa na simu.

Haya yote yatakufaa kwa sharti moja: bibi abaki nyumbani. Sisi tulikosea hapo. Tulidhani Kogo, bibi yetu, atakaa kivulini atulindie mikoba. Akaingia ndani, akasimama mbele ya kibuyu cha maziwa, akakikodolea macho kama anayemkagua mkwe.

"Hiki kina njaa," akasema.

Akachukua mwavuli wangu, ukawa kijiti cha mti wa senetwet. Akaonyesha kinavyochomwa hadi kiwe kaa, kinavyoingizwa kingali na moto, na mkono unavyozunguka kukisugua ukutani ndani, polepole, mpaka kibuyu kiwe cheusi na kinukie. Ukikosa subira, akasema, mursik wako, hayo maziwa ya kibuyu, utakuwa maziwa yaliyoharibika tu. Watoto waliwaacha nyoka wakaja. Watoto wa watu wengine nao wakaja. Mmoja akamwuliza alizaliwa mwaka gani.

"Mwaka wa nzige."

"Nzige gani, Kogo?"

"Wale waliokula shamba la baba yangu. Kwani wewe unawajua wangapi?"

Saa nzima ikaenda hivyo. Mamba hatukuwaona, na picha niliyonayo ni moja: mgongo wa Kogo na mwavuli hewani. Kwenye gari alilala kabla ya kufika Matunda. Watoto hawakulala, walibishana kuhusu nzige hadi Eldoret, dereva naye akatia lake.

Jumatatu alfajiri nikakuta kibuyu chetu cha jikoni kimebandikwa karatasi kwa selotepu, kwa mwandiko wa darasa la pili: KIBUYU. CHA KOGO. USIGUSE.

Kogo aliibandua, akaisoma mara mbili, akawashia moto.