Pedi ya Breki, Mtoza Kodi wa Haki

Kampala hatuna upungufu wa sifa. Kila Jumamosi kuna kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, mahali fulani, na kila kwanjula ina msemaji wa kukodi anayejua kumsifu bwana harusi mpaka mwenyewe ashangae. Mbunge aliyeleta tangi moja la maji hupigiwa ngoma. Kocha aliyetoka sare huimbiwa. Lakini sijamsikia mtu hata mmoja akishika maikrofoni kuisifu pedi ya breki, na hasa pedi ya gari la fahari: ile ya Subaru Impreza WRX yenye ekzosi inayoamsha watoto wa Ntinda, au ya Porsche inayopanda Kololo kwa madaha. Hiyo ndiyo pedi inayokwisha upesi na kubadilishwa kwa fedha ambayo mtu mwingine angeanzia duka. Wenye magari huitukana. Mimi nakusudia kuonyesha kwamba katika kazi ya kukusanya kodi haina mpinzani, tangu Busia mpaka Mpondwe.

Tuanze na washindani wake. Julai 2018 serikali ilituletea kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, na papo hapo ikatoza asilimia moja kwenye fedha za simu. Muuza nyanya wa Nakasero alilipa 200 ile ile aliyolipa mwenye jumba la ghorofa kumi linalotazamana na kibanda chake. Watu walilalamika, wengine wakajificha nyuma ya VPN. Kodi ya fedha za simu ikapunguzwa kabla mwaka haujaisha, na mwaka 2021 ile 200 ikazikwa, mahali pake pakaja asilimia 12 juu ya data. Yote hayo ni kubahatisha. Pedi ya breki haijawahi kubahatisha. Yenyewe hutoza kitu kimoja tu, haraka ya mtu, na viwango vyake havikupangwa na kamati yoyote iliyokunywa chai ya posho.

Viwango hivyo ni hivi. Nguvu iliyomo ndani ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa mwendo, na unapokanyaga breki nguvu hiyo haina pa kwenda ila kugeuka joto kati ya pedi na diski. Chukua gari la kilo 1,500. Ukilisimamisha kutoka kilomita 50 kwa saa, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha maji ya vikombe viwili vya chai. Ukilisimamisha kutoka kilomita 100, mwendo umeongezeka mara mbili tu, ila vikombe vimekuwa vinane. Kutoka 150 ni kumi na vinane, yaani unaweza kufungua hoteli. Na joto ndilo linaloila pedi. Basi nionyesheni waziri wa fedha aliyewahi kuandika kodi inayompanda mwenye majivuno kwa mraba, ikamwacha karibu bure mzee anayekwenda taratibu na mkewe kanisani Namirembe.

Tena haina msamaha. Nchi hii mwekezaji akija na kofia nzuri hupewa miaka kumi bila kodi, na wenyeji tukabaki kujaza pengo. Pedi haijui mwekezaji. Haijui namba za gari la serikali wala msafara wenye king'ora; kwa kweli king'ora huilipisha zaidi, maana mwenye king'ora hukanyaga mafuta hadi nyuma ya lori ndipo akumbuke kukanyaga breki. Juni 2025 tuliwashiwa mtambo wa faini za barabarani za kielektroniki, kamera zikawa zinawaandikia watu madeni usiku na mchana. Haukupita mwezi, kelele zikazidi, mtambo ukasimamishwa. Hesabu ya pedi haijasimamishwa hata siku moja. Hakuna wakili aliyewahi kuipeleka mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi akidai kwamba mteja wake hakukanyaga.

Na nasaba yake si ya kudharauliwa. Agosti 1888 Bertha Benz aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akaondoka Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim katika gari la mumewe, mwendo wa kilomita mia moja hivi, bila kumwambia mume. Breki zake zilikuwa vipande vya mbao. Kwenye mteremko mbao zikaanza kusagika, naye hakukaa kando ya njia kulia. Alimtafuta fundi viatu akampigilia ngozi juu ya mbao, na safari ikaendelea. Kwa hiyo kila pedi unayoiona leo, iwe na chapa ya Brembo au ya mtu asiyejulikana, ni mjukuu wa soli ya kiatu. Ilianzia mkononi mwa mwanamke mwenye haraka na fundi wa kando ya barabara, jambo ambalo Kampala tungelielewa bila maelezo.

Wanaopenda mbio watasema utukufu ni wa injini. Waulizeni Jaguar. Mwaka 1953 walikwenda Le Mans na gari la C-Type lenye breki za diski wakati wapinzani bado walikuwa na za dramu, na Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda. Gari linaloweza kuchelewa kukanyaga breki ndilo linaloweza kukimbia kwa muda mrefu zaidi kabla ya kona. Hata Charles Muhangi wetu, aliyetwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari mwaka 1999, hakuzipita kona zile za murram kwa dua peke yake. Vijana wanaobandika stika ya Pearl of Africa Rally kwenye kioo cha nyuma wanajua jina la kila turbo, lakini ukiwauliza pedi zao zimebaki milimita ngapi wanakutazama kama umewauliza siku ya kuzaliwa ya babu.

Mji wenyewe umejengwa kwa ajili ya pedi. Waliosema Kampala ni vilima saba walihesabu vya zamani tu. Dereva wa leo anavyo Muyenga, Naguru, Makindye, Mutungo, na kila kimoja akikipanda sharti akishuke. Jirani yangu wa Ntinda, mwenye WRX ya buluu, ana nguvu za farasi karibu mia tatu na hana pa kuzipeleka. Kutoka kwake hadi Nakasero hukutana na matuta, mashimo (yale mashimo ambayo mwaka 2023 raia waliyafanyia maonyesho ya picha kwa uchokozi wa mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo), boda boda kutoka kushoto, boda boda kutoka kulia, na taa za Jinja Road zenye askari anayezipinga. Kila anapopata mita hamsini zilizo wazi huziruka kwa kishindo, kisha hubana breki. Hufika sambamba na teksi ya Toyota HiAce iliyoondoka naye. Tofauti ya safari zao mbili imebaki kwenye magurudumu ya mbele ya Subaru, nyeusi kama masizi.

Mahali pekee ambapo pedi hupumzika ni barabara ya kasi ya Entebbe, ile ya kilomita 51 pamoja na tawi la Munyonyo, iliyofunguliwa Juni 2018. Huko gari hutiririka bila kukanyaga kitu. Lakini tangu Januari 2022 huko kuna kibanda cha kulipia, na gari dogo hutoa 5,000. Tazama basi adabu ya pedi: pale serikali inapotoza, yenyewe haitozi. Sijui mkataba mwingine wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili unaoheshimiwa kwa uaminifu namna hiyo.

Nisisahau ukweli wake. Pedi mpya ina unene wa milimita kumi au zaidi kidogo. Inapobaki kama tatu, nyingi huwa na ulimi mdogo wa chuma unaogusa diski na kupiga mlio, kwiii, kila unapopunguza mwendo. Huyo ni mtumishi anayetangaza hadharani kwamba muda wake umekwisha na anaomba mwingine aketi kitini pake. Naliacha jambo hilo hapo, kwa sababu ninazoziheshimu, niendelee na breki. Magari ya bei kubwa hutumia waya badala ya ulimi, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Jirani yangu alipousikia mlio aliongeza sauti ya redio. Mlio ulipogeuka mkwaruzo akafunga vioo. Pedi, ikiwa imekwisha kabisa, ikaanza kukamata diski kwa bamba lake la chuma, na hapo ndipo alipokubali kwenda kwa wakala.

Karakana ya wakala ni mahali pa kupendeza. Sakafu inang'aa, kahawa ni ya bure, na kijana mwenye kishikwambi hukuita ssebo kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya. "Ssebo, pedi zimekwisha, na diski nazo zimeliwa." Kisha hukuonyesha ukingo wa diski, ambako kiwanda kimechonga unene wa chini unaoruhusiwa, kipimo ambacho diski yako ilishakipita zamani ikielekea kuwa sahani. Haibadilishwi moja, hubadilishwa jozi. Na oili ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na hutakiwa kumwagwa kila baada ya miaka miwili hivi, nayo ni ya tangu gari liliposhuka melini Mombasa. Na sensa. Na boliti ambazo hazifungwi mara ya pili. Na saa za fundi, ambazo ni ndefu kuliko za ukutani. Vipuri havipo, vitakuja kwa ndege, bei ni kwa dola. Chini kabisa, asilimia 18 ya VAT, ili hata URA, mamlaka ya mapato, ipate kuegemea kwenye kazi ya mwenzake.

Watu huiita ankara hiyo wizi. Mimi naiita elimu ya watu wazima. Jirani yangu alikuwa na shahada mbili, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza alisoma waraka wowote mstari kwa mstari hadi mwisho, midomo ikicheza. Alijifunza jina la kila kitu kilichomo nyuma ya gurudumu lake. Alijifunza kwamba gari la milioni thelathini lililotumika Japani huja na breki za gari jipya la bei mara kadhaa, na kwamba punguzo alilopata kwa muuza magari halikushuka hadi huko chini. Na kuna wenye masomo ya juu zaidi: diski za kauri na kaboni, ambazo Porsche ilianza kuziuza kuelekea mwaka 2001, hudumu sana mtu akiendesha kistaarabu, lakini siku zikitaka kubadilishwa zote nne zinaweza kupita dola 15,000. Fedha hiyo hununua Bajaj Boxer za kutosha kuanzisha stendi.

Asiyetaka kahawa ya bure huteremka soko la Kisekka. Pale Nakivubo spea zimepangwa mpaka darini, na elimu hutolewa kwa kusimama.

"Muzee, hii ni orijino, ya Japani."

"Na ile?"

"Ile nayo orijino, ila ya Dubai."

"Na hii ya elfu arobaini?"

"Hiyo ni ya kuuzia gari."

Jibu hilo la mwisho lina uaminifu ambao wakala hawezi kuufikia. Diski iliyochimbika hupelekwa Katwe ikakerezwe, irudi laini na nyembamba, na fundi akushauri ushuke Muyenga kwa gia ndogo, si kwa breki. (Ushauri huo ni sahihi hata kwa mwenye pedi mpya, na ni wa bure, ndiyo maana haufuatwi.) Mkwepa kodi anayefunga ile ya elfu arobaini hafuatwi na askari wala barua. Huachwa tu aende zake, mpaka siku atakapokutana na mteremko, mvua na gari la taka kwa pamoja, ambapo deni lote huitishwa kwa mkupuo.

Kuna heshima nyingine ambayo sijaona ikitajwa. Mji huu vioo vya pembeni hung'olewa mchana kweupe kwenye foleni. Taa huibwa, betri huibwa, vifuniko vya magurudumu huibwa, hata kofia ya tangi la mafuta. Pedi haiibwi. Imekaa pale nusu wazi nyuma ya rimu, ya thamani kuliko kioo, na mwizi huipita bila kuitazama. Ni mali pekee ya tajiri wa Kampala isiyohitaji mlinzi, na hana hata habari ya kuishukuru.

Hata ikifa haiachi kufanya kazi. Ulaya sasa wameona kwamba moshi si uchafu pekee wa gari, na kanuni zao mpya za Euro 7 zinawekea mipaka hata vumbi linalotoka kwenye breki. Kwetu vumbi la pedi hutua juu ya vumbi jekundu la barabarani, nalo likatua juu ya rolex ya mtu (ile chapati ya mayai, si saa), na hakuna anayegombana na mwenzake kuhusu nani amechangia nini.

Kwa hiyo napendekeza itunukiwe Nishani ya Nalubaale, tena Kololo, siku ya sherehe, mbele ya gwaride. Nimeshalifikiria kwa undani na kuna kikwazo kimoja tu, cha kiufundi. Pedi ikifanya kazi hufikia nyuzi joto mamia kadhaa, na jirani yangu ndiye atakayepewa heshima ya kuondoka nayo uwanjani. Nakadiria utepe utashika moto kabla hajafika Jinja Road.