Bonjour Kwanza, Mkate Baadaye

Sentensi ile niliifanyia mazoezi tangu ndege inaruka Dar hadi inatua Paris. Maneno matano tu ya kuomba mkate, tena na adabu ndani yake. Jirani yangu wa kiti alishaishika kwa moyo bila kutaka.

Asubuhi nikaingia kwa muuza mikate, nikasimama wima, nikaitoa: "Une baguette, s'il vous plaît." Mama wa kaunta akanitazama, akasema, "Bonjour." Nikadhani hakusikia, nikairudia. "Bonjour," akasema tena, safari hii kwa sauti ya mwalimu wa darasa la pili. Mikate ninaiona nyuma yake, imesimama kapuni kama miiko ya kusongea ugali wa harusi. Hela ninayo mkononi. Biashara haiendi, na foleni nyuma yangu imeanza kukohoa. Ndipo mpwa wangu, anayesoma huko mwaka wa nne sasa, akaninong'oneza: "Mjomba, hujamwamkia."

Mimi! Mtu wa pwani! Sisi ambao tukienda kumwambia jirani kwamba nyumba yake inaungua, tunaanza na habari za asubuhi, tunauliza watoto, tunamuulizia yule aliyekuwa anaumwa mguu, ndipo tunafika kwenye moto. Leo nafundishwa salamu na muuza mikate. Nikaitoa Bonjour yangu shingo upande. Uso ukamkunjuka, akanipa mkate, akanitakia siku njema. Nadhani hata kukopa ningekopeshwa. Nilitaka kulipa kisasi kwa kumuuliza ameamkaje, wazee hawajambo, na mvua huko kwao zinaendeleaje, lakini mpwa akakataa kutafsiri, akanivuta mkono.

Mkate wenyewe sina la kuulaumu, na hilo linaniudhi, maana nilikuja nimejiandaa kulaumu. Wenyewe wana amri ya serikali ya 1993: mkate unaoitwa wa asili ni unga wa ngano, maji, chumvi na chachu, hakuna viungio vya kiwandani, hakuna kuugandisha kwenye friza. Mwaka 2022 UNESCO nao wakauingiza ufundi wa baguette katika urithi wa utamaduni wa dunia. Tulipofika nyumbani ncha ya urithi huo haikuwepo tena. Nisingizie nini? Mtaa mzima ulikuwa unatafuna ncha huku unatembea, kuanzia watoto wa shule hadi wazee wa suti. Kwetu mtu mzima akila njiani anasemwa hadi msibani. Nikaomba chai ya maziwa ya kuchovyea. Nikaletewa maji ya moto na kipakiti chenye uzi.

Siku ya pili njaa ilitukuta saa nane na nusu mchana. Mgahawa umejaa, viti vimemwagika hadi barabarani, mhudumu anatuambia jiko limefungwa mpaka saa moja jioni. Nikachungulia. Mpishi yumo ndani, kofia kichwani, mzima wa afya. Mpishi, jiko na njaa yangu, vyote vitatu viko chini ya paa moja, na bado chakula hakipatikani! Nikamwambia mpwa aulize kama kuna hata kiporo. Akaagiza kahawa. Nayo ina mambo yake: ukiinywa umesimama kaunta bei hii, ukikaa nje bei ile. Kikombe ni kidogo sawa na cha muuza kahawa wetu wa barazani, ila yule hajawahi kunitoza benchi.

Saa moja tukarudi, tukawa peke yetu. Wenyewe huanza kuingia saa mbili. Nikaagiza nyama. Nikaulizwa iive kiasi gani, kwani kila hatua ya mbichi ina jina lake, na mojawapo maana yake ni "inayotoka damu", linatamkwa mtu akitabasamu. Nikasema iive. Mhudumu akataka uhakika. Nikamwambia iive mpaka ikubali. Akaandika taratibu, kama karani anayeandikisha kifo. Ilipokuja, katikati bado ilikuwa na wekundu, na huko ndiko kuiva kwao. Niliila yote. Ilikuwa laini, na sitasema zaidi ya hapo.

Baada ya nyama, kabla ya vitu vitamu, ikaja jibini. Nilisikia harufu kabla sijaona sahani, nikamtupia mpwa jicho la kumuuliza kama amevua viatu. Samahani yangu nilimpa baadaye, nikiomba kipande cha tatu.

Kuhusu jumba la makumbusho la Louvre sitawachosha. Hufungwa Jumanne. Tulikwenda Jumanne.

Tukapanda treni ya kasi kwenda Marseille, ambayo milango yake hufungwa dakika mbili kabla ya muda wa kuondoka. Mimi nimezoea dereva anayengoja basi lijae. Niliingia mbio, begi mbele, heshima nyuma, na saa tatu na ushee baadaye tulikuwa baharini, bouillabaisse mezani. Hii ilikuwa supu ya wavuvi, ya samaki wa miambani waliokosa mnunuzi. Leo ina mkataba! Wenye migahawa waliuandika 1980: samaki wasipungue aina nne, na wakatwe mbele ya mgeni. Huletwa mchuzi peke yake kwanza, kisha samaki. Nikamwambia mpwa kwamba pale soko la Feri, Dar, samaki wanakatwa mbele yangu kila Jumamosi, wakiwa na magamba yanayorukia shati langu, na sijawahi kuombwa euro 60. "Mjomba, kula," akasema. Nikala. Nikafuta bakuli kwa mkate. Bei iliniuma hadi kwenye tonge la mwisho, na tonge lilikuwa tamu.

Kesho yake tukaingia soko la Noailles, na hapo masikio yakanisimama. Watu wanaongea lugha ninayoifahamu nusu, kama redio inayokamata kituo cha mbali. Wangazija! Marseille imejaa watu wa Komoro. Nikanunua mihogo kwa binti mmoja, wa miaka thelathini hivi, nikamlipa. Akapokea hela, akaniambia, "Marahaba."

Damu ikanipanda. Shikamoo sijampa! Mtoto wa kumzaa ananiitikia marahaba, mimi na mvi zangu, kwenye kadamnasi? Mpwa alicheka mpaka akashika meza ya watu. Kwao marahaba ni asante. Nilirudi mara tatu kununua mihogo ambayo hatukuwa na mahali pa kuipikia, na kila mara nilianza na Bonjour kabla hajanitazama.

Nimerudi Dar wiki mbili sasa. Juzi asubuhi nilikwenda dukani kwa Mangi, nikasimama mbele ya nondo. Mangi yuko kwenye simu yake. Nikangoja. Akanyoosha mkono bila kuinua macho, akausogeza mkate kwangu, maana anajua ninachonunua.

"Bonjour," nikamwambia.

"Buku jero," akasema.