Beberu na Kioo cha Mwalimu Mkuu

Kisa hiki kilianzishwa na beberu. Wa mbuzi, nieleweke. Ilikuwa mwisho wa 2022, ofisi za umma nchini zikibadilisha picha ukutani, na picha mpya ya Rais ilikuwa imeegemezwa sakafuni katika ofisi ya mwalimu mkuu wetu hapa Garissa, ikisubiri msumari. Katika mji huu mbuzi huingia ofisini bila miadi. Huyu alipita mlangoni, akachungulia kile kioo, akaona mle ndani beberu mwenzake anamkazia macho, akarudi nyuma hatua tatu. Kishindo tulikisikia darasani. Mkuu alipouliza beberu aliona nini hasa kwenye ile picha, sote tulitazama viatu vyetu.

Nilikabidhiwa shilingi 800 niende kwa fundi. Nami, mtoto wa Kilifi niliyezoea kukata makuti, mkate na kona, nikapiga hesabu: kipande cha kioo cha mili tatu ni 300, kalamu ya kukatia 150, chenji yangu.

Kioo nilikipakata ndani ya tuktuk, saa saba mchana. Jua la Garissa lilikipiga, likadunda paani, likamrudia dereva usoni kupitia kwenye kile kioo chake kidogo cha mbele. Akawa anaendesha jicho moja limefumba. "Mwalimu, geuza hiyo kitu. Unaniivisha."

Nyumbani nikatandika blanketi mezani, nikapima ndani ya fremu: sentimita 40 kwa 50. Nikaweka rula, nikavuta kalamu. Alama iliyotokea ilikuwa nyembamba kama unywele, nikaona haitoshi, nikarudia. Nikarudia tena. Kufikia mara ya saba nilikuwa kama mtu anayekwangua ukoko wa wali, vumbi jeupe limetapakaa kotekote. Nikashika pande mbili, nikavuta pumzi, nikabonyeza. Ufa ulifuata mstari wangu kwa heshima kwa muda wa shubiri moja, kisha ukabadili nia, ukapinda kushoto na kutokea pembeni, mithili ya Mto Tana, ambao nao haujawahi kwenda mahali kwa njia iliyonyooka.

Nikarudi dukani. Hapo hesabu ya chenji ilikuwa imeshageuka deni.

Kipande cha pili kilikatika vizuri ajabu, 40 kwa 50 kamili, kikagoma kuingia kwenye fremu. Nikakigonga kidogo kwa kiganja. Kidogo tu. Kidole changu cha shahada kikatia sahihi kwa wino mwekundu.

Fundi niliyemkwepa ndiye niliyemwendea: mzee wa Kisomali, ndevu za hina, mswaki wa mti mdomoni. Akaitazama plasta.

"Ulipitisha mara ngapi?"

"Saba, mzee."

Akautoa mswaki ili acheke vizuri.

"Kioo hakikatwi, mwalimu. Unakichora mara moja, halafu unakivunja pale ulipochora. Ukirudia, umeua gurudumu na kioo umekichanganya akili."

Akachovya kalamu kwenye chupa ya soda yenye mafuta ya taa. Anaiita almasi, ingawa almasi hamna; ni kigurudumu cha chuma kigumu, kama punje ya dengu. Jina limebaki tangu enzi mafundi walipokata kwa ncha ya almasi ya kweli, kabla Mmarekani Samuel Monce hajasajili kigurudumu chake mwaka 1869. Mzee akaivuta kutoka ukingo wa mbali hadi kifuani pake bila kusita, mlio ukawa mmoja, kama kanga inayochanwa. "Sikiliza. Macho hapa hayana kazi." Akachomeka njiti ya kiberiti chini ya mwanzo wa mstari, akaweka vidole gumba huku na huku. Tak.

Alikuwa amepunguza mili tatu kila upande. Mbao za huku hukauka na kujibana, akasema, na kioo kisichoachiwa nafasi utakisikia usiku kikipasuka chenyewe.

Kutafuta heshima iliyobaki, nikamwuliza mbona hana mashine kama zile za Nairobi zinazosimama ukutani. Kumbe amezitumia: ni reli, rula ndefu, na kigurudumu hikihiki kinachoshushwa kwa mkono. Umeme hauhusiki.

"Inanyoosha mstari," akasema. "Lakini haikuambii usirudie."

Picha niliipachika mwenyewe, juu, pasipofika pembe. Mkuu akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo.

"Umekata mwenyewe?"

Ningesema kweli. Ila palikuwa na suala la risiti ya fundi, ambayo sikuwa nayo, na la chenji, ambayo pia sikuwa nayo.

"Mwenyewe."

Akafurahi hadi akasimama. "Basi tumepata fundi! Darasa la nane lina madirisha manne hayana vioo tangu muhula wa kwanza."

Nje, beberu alikuwa anatafuna karatasi, ametukazia macho.